Uchambuzi wa kisa: Mwigizaji wa komedi Arusha na mhusika aliyevalishwa mtu mwingine

## Kwanza niseme haya

Kisa hiki nimekiandika kwa ruhusa ya mwenyewe. Majina yote nimebadilisha, jina la mhusika nimebadilisha, kituo cha runinga sikitaji, na hela nimezizungusha kidogo ila uwiano nimeuacha vilevile ili msomaji aelewe ukubwa wa jambo. Mwigizaji tumwite Prosper. Mhusika aliyemwigiza kwenye komedi tumwite Babu Kitasa. Mimi niliingia mwishoni, niliombwa nikae kwenye vikao vya usuluhishi niandike kumbukumbu, kwahiyo pande zote mbili nimezisikia zikiongea na karatasi zao nimezisoma.

Nawaandikia hasa machalii na madada wa makundi ya sanaa ya huku kwetu, Arusha na Moshi, wale mnaofanya mazoezi Jumamosi kwenye madarasa ya shule za msingi na kwenye kumbi za kanisa. Kisa cha Prosper kinafanana na vya wengi ninaowajua, sema cha kwake kina karatasi na kina video, ndo maana kinafaa kufundishia.

## Mazingira

Prosper ni wa Moshi. Kuigiza kaanzia kanisani, maigizo ya Krismasi na ya vijana wa parokia, na huko huko ndo alipoanza kuigiza kizee fulani cha kutoka Rombo, mkongojo mkononi, sauti ya kukwaruza, kila sentensi inaanza na "aisee". Sauti ile aliitoa kwa babu yake mzaa mama. Watu walikuwa wakiicheka mpaka wanashika mbavu, na yeye alikuwa na miaka kama ishirini tu. Hilo la umri liweke kichwani, kijana mdogo anaigiza mzee wa miaka sabini, maana huko mbele ndo lilimgharimu.

Alipomaliza kidato cha nne akahamia Arusha kwa mjomba wake, akawa anauza duka la spea Unga Limited, jioni anaenda mazoezini. Kwenye kundi lao akatokea kaka mmoja mwenye kamera mbili, taa, na kompyuta ya kuhariri. Tumwite Prodyuza. Huyu kaka sio mtu mbaya, naomba nilisisitize hilo mapema. Alikuwa na mzigo mkubwa. Komedi yao ilirushwa na kituo kidogo cha runinga, na kituo chenyewe hakikumlipa hata senti, yeye ndo alikuwa ananunua muda wa hewani, alafu anazunguka mjini kwenye mahoteli, maduka ya rangi, shule za inglish midiamu, kutafuta wadhamini wa kufidia. Mwezi wadhamini wakikosekana analipa mfukoni kwake. Wengi wanaomlaumu prodyuza hili hawalijui.

Wazo la komedi lilikuwa zuri sana kwa kweli. Babu Kitasa ni mlinzi wa jumba la tajiri kule Njiro, tajiri kila siku yuko safari, na Babu ana rundo la funguo kiunoni, anapangisha vyumba vya bosi kisirisiri. Kuna dada anaigiza mpangaji mjanja anayemjua Babu vizuri, huyu tumwite Neema. Kila epizodi bosi anakaribia kurudi, Babu anahaha kuwaficha wapangaji. Lokesheni moja, wahusika sita, dakika ishirini. Ndo uzuri wa komedi ya mwendelezo, haina gharama ya kuhamahama, unarudi nyumba ileile na watu walewale mpaka mtazamaji anawajua kuliko majirani zake.

Na wasidhani wanaosoma kwamba vitu hivi vinawezekana Dar tu. Futuhi ilitengenezwa Mwanza ikarushwa na Star TV na nchi nzima ikaicheka. Kwahiyo vijana wa Chuga, yaani Arusha, kuwa na ndoto haikuwa ujinga.

## Mlolongo wa mambo

Makubaliano ya mwanzo. Hapakuwa na karatasi. Prosper alikuwa analipwa elfu 15 kwa siku ya kushuti, pamoja na chakula cha mchana na nauli. Siku moja wanashuti epizodi tatu mpaka nne, kwahiyo ukipiga hesabu epizodi moja ni kama elfu nne hadi elfu tano. Alipouliza kuhusu baadaye Prodyuza alimjibu, "Mdogo wangu, tujenge jina kwanza, hela itakuja yenyewe." Naye akaridhika, maana kaka mkubwa kasema, na ukweli wakati ule hela haikuwepo.

Jina likajengeka. Mwaka wa pili mtu anapita stendi anaitwa "Babu! Babu Kitasa! funguo zangu ziko wapi?" Sema kuna jambo la ajabu hapo, akiwa amenyoa, amevaa fulana na jinzi, nusu ya watu hawamtambui mpaka aongee. Akiongea tu, daladala nzima inageuka. Watu walimjua kwa sauti, na kwa koti la kijeshi lililochakaa, kofia ya sufi na ndevu nyeupe za bandia. Koti, kofia na ndevu vilikuwa mali ya Prodyuza. Sauti ndo ilikuwa ya kwake.

Desemba. Wa Kilimanjaro mnaelewa Desemba ikoje. Wachaga wanarudi nyumbani kutoka kila kona, Marangu, Kibosho, Rombo, Machame kunafurika magari, na kila mwisho wa wiki kuna harusi, sendofu, kipaimara, ubarikio, jubilei. Wote wanataka MC anayechekesha. Prosper akaanza kuitwa asherehekeshe akiwa Babu Kitasa, laki tatu mpaka laki tano kwa shughuli moja. Desemba moja ilimpa hela kuliko mwaka mzima wa kushuti. Prodyuza aliposikia akadai asilimia 30, akisema jina ni la kampuni na koti ni la kampuni. Prosper akalipa mara ya kwanza. Mara ya pili akashonesha koti lake kwa fundi pale Moshi. Uhusiano ukaanza kupoa kuanzia hapo.

2020. Machi mwaka ule serikali ikafunga shule na kuzuia mikusanyiko kwa ajili ya korona, na wageni wa utalii wakakauka. Mtu wa Arusha simhadithii ilivyokuwa, mahoteli yaliyokuwa yanadhamini vipindi yalikuwa yanapunguza wafanyakazi. Komedi ikatoka kwenye runinga, Prodyuza akahamishia nguvu zote kwenye chaneli ya YouTube, na huko ndo ikalipuka. Epizodi za zamani alikata vipande vya dakika tatu tatu, watu wako majumbani wanaangalia tu. Kwa mara ya kwanza kazi ileile iliyolipwa elfu 15 miaka miwili nyuma ikaanza kuingiza dola, na zinaingia kwenye akaunti moja tu.

Kukatokea na tangazo. Kampuni moja ilitaka Babu Kitasa kwenye tangazo lake, ikaongea na Prodyuza, Prosper akapewa laki mbili akashukuru. Baadaye akaja kujua kwa mtu wa ndani kwamba malipo yote yalizidi hiyo zaidi ya mara kumi. Hapo ndo alipoanza kukosa usingizi.

Ajali. Usiku mmoja wanatoka kushuti, bodaboda iliyompakia ikagongana na pikapu. Mguu ukavunjika. Bima ya afya hana, kazini hakuna aliyewahi kuizungumzia. Prodyuza akaja hospitali na matunda, na pole za kweli, na akaja na wazo, wamrekodi akiwa kitandani awaombe mashabiki mchango, namba ya simu ya kuchangia itakuwa ya ofisi. Prosper akakataa. Alilala pale wiki kadhaa, ukoo ukachanga, kanisa likachanga, mama yake akakopa kwenye vikoba.

Babu mwingine. Akiwa bado na magongo, mdogo wake akamwonesha simu. Epizodi mpya. Koti lilelile, kofia ileile, ndevu zilezile, ndani yake kuna mtu mwingine, kijana wa kundi hilohilo anayeiga sauti yake. Chini kwenye maoni watazamaji wengi hawakugundua, wengine waliandika "Babu leo mafua?" Mapokezi yalikuwa mazuri tu. Prosper aliniambia kwamba mguu ulimuuma ila hii ilimuuma zaidi, na namwamini.

Alipompigia Prodyuza akajibiwa, "Mdogo wangu, kazi haiwezi kusimama, nina mkopo. Na Babu Kitasa nimesajili, ninazo karatasi."

## Maamuzi yaliyofanyika, na kwanini

La kwanza lilikuwa lile la kukataa kurekodiwa kitandani. Watu wengi, hata ndugu zake, waliona ni kiburi. Sababu yake ilikuwa kwamba mtu akishakuona unaomba, kesho haweki laki tano kukuita kwenye harusi ya mwanae, na pia namba ya kuchangia haikuwa yake. Hapa alikuwa na mifano kichwani. Mzee Ojwang wa Kenya, Benson Wanjau, kachekesha Afrika Mashariki kwa miongo, na uzeeni wananchi wakamchangia atibiwe macho, akafariki Julai 2015. Na huku kwetu King Majuto, Amri Athumani, alipokuwa anaumwa mwaka 2018 ikafika mahali waziri mwenye dhamana ya sanaa akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, mzee akafariki Agosti 8 mwaka huohuo. Prosper alisema yeye ana miaka 29, mambo ya kuchangiwa hayawezi kuanza saa hizi.

La pili, hakwenda kuropoka mtandaoni. Marafiki walimsukuma sana, "mwage mboga bro, tutakusapoti." Alinyamaza karibu miezi miwili. Neema ndo alimshauri hivyo, akamwambia siku ukimtukana hadharani usuluhishi umekufa, na hela zako zote ziko kwenye chaneli yake.

La tatu, badala ya kukimbilia mahakamani wakaanza kwa kuangalia hizo karatasi. Msaidizi wa kisheria, hawa wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, aliomba nakala kwa barua ya kistaarabu. Zikaja. Na kumbe kilichosajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, kilikuwa jina la biashara, yaani Prodyuza anafanya biashara yake kwa kutumia jina hilo. Alama ya biashara hakuwa amesajili. Hivi ni vitu viwili tofauti kabisa na nitavirudia chini maana watu wengi wanavichanganya.

La nne ndo liligeuza meza. Neema akauliza swali moja jepesi, huyu Babu ulianza kumwigiza lini? Wakarudi Moshi, wakapekua simu za watu, wakapata video ya kipaimara kule vijijini, iliyorekodiwa na mjomba wa mtoto miaka miwili kabla komedi haijaanza. Prosper yuko katikati ya turubai, sauti ileile, "aisee" ileile, mkongojo, na utani wa funguo umo tayari. Jina la Kitasa halikuwepo, walikuwa wanamwita Babu tu. Lakini mtu ni yuleyule.

La tano, Prosper na Neema waliamua kwenda mezani pamoja. Prodyuza alikuwa ameshamwita Neema pembeni akamwahidi nyongeza, elfu 40 kwa siku, ili abaki. Akakataa kusaini peke yake. Kuna kitu cha kufanana kilichotokea Marekani, waigizaji sita wa komedi ya runinga ya Friends mwaka 1996 waliamua kujadiliana mishahara kama kundi moja, wote walipwe sawa, na walipofika misimu miwili ya mwisho kila mmoja analipwa dola milioni moja kwa epizodi. Hela za kule sio za huku, najua, ila sababu yake ni ileile: komedi ya namna hii inasimama kwa wahusika kugongana, ukimtoa mmoja unaweza kumbadilisha, ukiwakosa wawili huna kipindi.

## Matokeo

Walikaa vikao nyumbani kwa mzee mmoja mstaafu aliyewahi kuwa afisa utamaduni, mtu anayeheshimiwa na wote. Prosper aliingia kwa magongo akaanza na shikamoo kwa mzee na kwa Prodyuza pia, na hiyo shikamoo kwa Prodyuza nilimwona ilivyomgusa. Kikao cha kwanza kilikuwa kikali. Prodyuza alileta daftari la gharama zote tangu mwanzo, muda wa hewani, mafuta, kodi ya ile nyumba, na kwa hesabu zake alikuwa bado hajarudisha hela yake. Hakuwa anadanganya. Upande wa pili video ya kipaimara ikawekwa kwenye runinga ya mzee, kimya kikatanda, alafu Prodyuza akacheka, kicheko cha kweli cha mtazamaji, akasema "huyu ni Babu kabisa."

Makubaliano yakaandikwa kurasa mbili, mashahidi wakasaini. Epizodi za zamani zinabaki kwenye chaneli ya Prodyuza. Mapato ya chaneli yanayotokana na epizodi alizomo Prosper, yeye anapata asilimia 20 na Neema 10, baada ya gharama zilizoorodheshwa, na ripoti ya mapato wanaiona wote kila mwezi. Sherehe na u-MC ni vya Prosper peke yake, hakuna anayemdai. Tangazo lolote linalotumia mhusika lazima Prosper asaini yeye mwenyewe na kuona mkataba mzima. Yule kijana aliyevaa koti hakufukuzwa, hadithi iligeuzwa akawa mdogo wake Babu aliyetoka kijijini, na kusema kweli epizodi za hao wawili ndo nzuri kuliko zote.

Hela ya lile tangazo la zamani haikulipwa. Hela ya YouTube ya miezi ya nyuma haikulipwa. Ripoti zilikuja vizuri miezi mitatu, mwezi wa nne ikachelewa, ikabidi mzee apige simu. Prosper anatembea vizuri saivi, ana kadi ya bima anayoilipia mwenyewe, na amejiunga na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa hiari.

## Uchambuzi

### Kilichoharibika

Wengi wakisikia kisa hiki wanasema tatizo ni kukosa mkataba. Mi naona hiyo ni nusu. Tuseme Prosper angepewa mkataba mwaka wa kwanza, angesaini nini? Angesaini elfu 15 kwa siku, kwa furaha, na kifungu kinachosema kila kitu ni mali ya kampuni, na leo tusingekuwa na hata pa kuanzia. Tatizo kubwa ni kwamba swali la nani mwenye Babu halikuulizwa kipindi ambacho Babu hakuwa na thamani yoyote. Kipindi kile lilikuwa swali la dakika tano, wangecheka wakagawana nusu kwa nusu. Mama yake Prosper aliliweka vizuri kuliko sisi wote kikaoni, alisema mwanae kapanda kahawa kwenye kihamba cha mtu, yaani shamba la ukoo wa mwingine, alafu anashangaa wakati wa mavuno.

Na hapa ndo umri na ndevu vinaingia. Angalia waliotoka kundi la Ze Comedy la EATV, wakaenda TBC1 na kipindi kikaitwa Orijino Komedi. Jina la kipindi lilibadilika, lakini Joti akabaki Joti, Masanja akabaki Masanja, kwasababu majina yale yalikuwa yameshagandana na nyuso zao. Mtazamaji aliwafuata watu. Prosper uso wake ulikuwa umefichwa. Kijana anayeigiza mzee kwa ndevu za bandia anaweza kuvuliwa koti na kuvishwa mwingine, na watu wakauliza tu kama ana mafua. Kwa mwigizaji wa aina hii kazi ya kujitambulisha kwa sura yake halisi ni lazima, sio mbwembwe. Hata klipu fupi za yeye akiwa anapakwa rangi na kuvalishwa ndevu zingetosha, mtu aone Prosper anageuka Babu. Hakuwa nayo hata moja.

La kulipwa kwa siku nalo tulitazame. Kulipwa kwa siku ni sawa kama kazi inaonekana mara moja ikaisha, kama zamani runinga ilivyokuwa, epizodi imepita Jumatano saa mbili usiku, imepita. Ila kazi inayokaa mtandaoni inaendelea kuingiza miaka, na malipo ya siku hayajui hilo. Marekani waigizaji waligoma mwaka 1960 kudai walipwe filamu zao za sinema zinapooneshwa kwenye runinga, na hapo ndo mfumo wa malipo ya marudio ulipoimarika. Sisi tumeruka hatua hiyo, tumefika kwenye YouTube tukiwa bado na akili ya posho.

Upande wa sheria nieleze kwa kifupi. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, COSOTA, ofisi ya serikali ya hakimiliki, ndo wanaisimamia, na haki ya mtunzi haisubiri usajili, inaanza pale kazi inapotungwa. Usajili unasaidia kuthibitisha. Sheria hailindi wazo tupu, "mlinzi mjanja mwenye funguo" ni la kila mtu, inalinda namna ulivyolitoa. Mwigizaji naye ana haki zake kama mtendaji, hizi ndo hakishiriki, lakini kihistoria haki hizo zimekuwa dhaifu sana kwenye picha za filamu na video. Mkataba wa Roma wa 1961 ulisema mtendaji akishakubali kurekodiwa kwenye picha, kinga ya mkataba ule kwake inaishia hapo. Mkataba wa Beijing wa 2012, ulioanza kutumika 2020, ulikuja kurekebisha hilo, ila hata wenyewe unaruhusu haki kuhamia kwa prodyuza kwa makubaliano. Maana yake kwa mtu wa Ngarenaro hapa Arusha ni hii: ukiwa umesimama mbele ya kamera kwa hiari yako, makubaliano yenu ndo yanakulinda zaidi ya kitu kingine.

Na BRELA. Jina la biashara linasema tu fulani anafanya biashara kwa jina hili. Halimpi umiliki wa mhusika. Alama ya biashara na huduma ndo inampa mtu haki ya kuzuia wengine, inaombwa kwa madaraja, yaani makundi ya bidhaa na huduma, burudani iko daraja la 41, na inadumu miaka 7 kabla ya kuhuishwa kwa miaka kumi kumi. Prodyuza aliamini kwa moyo wote kwamba ana umiliki. Prosper naye aliamini kwamba ameshanyang'anywa. Wote wawili walikuwa wanaogopana kwa karatasi ambayo haikusema walichodhani inasema, na ingeombwa mwezi wa kwanza ingeokoa usingizi mwingi.

### Kilichofanya kazi

Video ya kipaimara. Sina namna ya kulisema hili kwa uzito unaotosha. Kila mwigizaji anayesoma hapa, ukianza mhusika mpya, jirekodi, jitumie kwa barua pepe, tarehe ibaki. Prosper aliokolewa na mjomba wa mtoto wa watu aliyekuwa anarekodi sherehe. Mahakamani ingehitaji kazi zaidi kuithibitisha, ila mezani, mbele ya mzee, ilitosha.

Ukimya wake ulifanya kazi pia, na nakiri ulikuwa mgumu. Miezi miwili ile alikuwa anaona epizodi mpya kila Ijumaa. Angetoka hadharani angepata huruma ya wiki moja. Prodyuza mwenyewe alisema kikaoni kwamba kilichomfanya aje ni kuona hajatukanwa.

Neema. Kwenye makundi yetu wanawake ndo wanaotangulia kupewa hela ndogo na kuombwa wanyamaze, na huyu dada alikataa elfu 40 kwa siku akiwa na mtoto wa kumsomesha. Nimesikia watu wakisema Prosper ni shujaa. Mi naona bila Neema Prosper angekuwa MC wa Desemba anayedaiwa asilimia 30.

Kumleta mzee kuliko wakili kama hatua ya kwanza kulifaa kwa hawa wawili, kwasababu walikuwa bado wanaheshimiana na wanahitajiana. Wangekuwa wageni, au ingekuwa kampuni kubwa ya nje ya mkoa, ningeshauri tofauti kabisa. Na makubaliano ya mdomo kisheria yanaweza kuwa mkataba, Sheria ya Mikataba Sura ya 345 haikatai, shida ni kuyathibitisha, ndo maana mzee alisisitiza yaandikwe usiku uleule kabla chai haijapoa na watu hawajabadilisha mawazo.

### Ninapotofautiana na makubaliano yenyewe

Asilimia 20 "baada ya gharama" inanipa wasiwasi. Gharama zimeorodheshwa, sawa, lakini hazina ukomo. Mwezi Prodyuza akinunua kamera mpya akaiweka kwenye gharama, 20 ya sifuri ni sifuri. Nilisema kikaoni ningependa asilimia ndogo, hata 12, ila ya mapato ghafi, kabla ya chochote. Prosper alipenda namba kubwa. Ni haki yake, na namwelewa, ila anayenakili makubaliano haya aangalie hapo kwanza.

Kingine, yule kijana aliyevaa koti hakukaa mezani. Analipwa elfu 15 kwa siku, bila karatasi, na mhusika wake mdogo wa Babu kaanza kupendwa.

## Yalipofikia

Maombi ya alama ya biashara ya jina la mhusika yanaandaliwa kwa majina mawili, Prosper na Prodyuza pamoja, daraja la 41. Kinachosubiriwa ni kugawana ada ya maombi, maana Prodyuza anataka itolewe kwenye gharama za chaneli na Prosper anataka kila mtu atoe mfukoni kwake. Neema ameomba mkataba wa yule kijana uandikwe kabla ya kushuti sizoni mpya, na amesema asipouona hatokei lokesheni. Kikao kimepangwa baada ya Pasaka, palepale kwa mzee.